Kapasita Zilizosingiziwa

Jumatatu, 4 Machi

Nesi wa kliniki alinipa daftari hili niandike saa za kunyonya na uzito wa mtoto. Sasa mtoto ana miezi minane, ananyonya akitaka, analala akipenda, na uzito wake naujua kwa mgongo wangu. Kurasa zilizobaki nitaandika ya kwangu.

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo saa nne asubuhi. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba ya wakwe zangu. Kuna meza moja ndefu, amplifaya moja na gitaa moja la kujaribia, lenye ufa tumboni. Juu ni bati tupu. Mvua ikipiga, hatusikiani.

Baba mkwe anatengeneza pedali za gitaa, vile visanduku vya chuma ambavyo mpigaji anavikanyaga ili sauti ijae, ikwaruze au ilie. Watu wanamwita Fundi Sikio. Wanasema ukimpa pedali mbili zinazofanana kama mayai, yeye akizisikiliza atakwambia ipi ilitengenezwa asubuhi na ipi jioni. Mimi namwita Baba. Nimekuwa mkono wake tangu siku aliyonikuta jikoni, mimba ya miezi minne, nalehemu waya wa redio kwa msumari nilioupasha motoni. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, ukiweza kwa msumari, ukipewa chuma chenyewe cha kulehemu itakuwaje?"

Jumatano, 6 Machi

Jino la tatu. Sijalala. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja Kucha. Ndivyo wanavyomwita, kwa sababu amefuga kucha za mkono wa kulia za kupigia nyuzi. Ana bendi yake, magitaa manne, na anataka pedali nne mpya kufikia wiki ya kwanza ya Mei, mvua zitakapokwisha na wao waanze tena kupiga uwanjani.

"Fundi, nataka kama ile ya mwaka juzi," alisema. "Ile ya mwaka jana ilinikwaruza."

"Ilikukwaruza, au ulijikwaruza na hayo makucha?"

"Haya, nicheke tu. Lakini iwe ya mwaka juzi."

Akambeba mtoto, akampa kidole gumba akitafune, akaondoka.

Baba akanikalisha kunifundisha. Kwenye pedali zetu kuna kapasita moja inayochukua sauti kali, ile inayochoma, na kuimwaga ardhini. Namba yake ikiwa kubwa inamwaga nyingi, ikiwa ndogo inamwaga kidogo. Ya Baba ni 223, miaka yote; tarakimu ya mwisho huhesabu sifuri, yaani ishirini na mbili na sifuri tatu. Nikamuuliza aina ipi: za plastiki, za udongo, au zile kuukuu za karatasi zilizotolewa kwenye redio za zamani? Maana niliwahi kumsikia mteja akisema za karatasi zina utamu.

"Namba kwanza, aina baadaye," alisema. "Watu watakuletea hadithi. Hii tamu, hii baridi, hii ina roho. Waache. Wewe pima namba. Aina ni suala la inadumu au haidumu, inapiga kelele au imetulia."

Nimeandika ili nisisahau.

Alhamisi, 14 Machi

Pedali ya kwanza imekamilika, ya plastiki ya kijani, 223. Nimeilehemu nusu mimi, nusu yeye. Lehemu yake ni ndogo na inang'aa kama punje ya mchele. Yangu imevimba. Baba amepiga nyuzi, akainamisha kichwa.

"Imejifunika blanketi."

"Labda mvua, Baba."

"Mvua naijua. Hizi plastiki mpya ndizo mbovu."

Mimi sikusikia blanketi. Lakini mimi ni nani? Mtu asiyelala huweza kusikia lolote.

Ijumaa, 15 Machi

Tumetoa ya kijani, tumeweka ya plastiki ya njano. Bado blanketi, anasema Baba.

Jumanne, 19 Machi

Leo tumeweka ya udongo, bapa kama dengu. Nilikuwa nimemweka mtoto mezani mbele yangu, ana kijiko. Akagonga meza, na amplifaya ikajibu: ko! Akatulia. Akagonga tena: ko! Alinitazama kana kwamba nimemficha jambo hilo tangu azaliwe. Tukaachana na kazi robo saa nzima, yeye akiongea na meza na meza ikimjibu.

"Ndiyo tabia ya za udongo," Baba akasema. "Ukizigonga zinaongea. Kwenye jukwaa mtu akiruka, itasikika." Akaitoa. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na hata hivyo, blanketi liko palepale."

Alhamisi, 21 Machi

Mama mkwe ananichosha. Anaongea kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. "CHAI IKO TAYARI!" Mtoto ameruka usingizini mara mbili. Nikasema taratibu, "Mama, mtoto amelala." Akanitazama, akasema, "Nami nina mume," akarudi kwenye cherehani yake. Jibu gani hilo? Nimelimeza.

Jumatano, 27 Machi

Baba mtoto amepiga simu kutoka kambini kwenye ujenzi wa barabara. Mvua imekata njia, hatarudi mwezi huu. Ameniambia nimpe mtoto simu. Mtoto ameilamba.

Jumamosi, 30 Machi

Tumejaribu na za karatasi. Nimezipima: moja inasoma zaidi ya inavyopaswa, nyingine inavuja umeme kama ndoo iliyotoboka. Baba amejua kabla sijasema, maana alizishika kwa unyonge. Lakini za kijani, za njano na za udongo zote nimezipima mara tatu, na zote ni 223 sawasawa, tofauti yake haijazi hata kope.

Namba ni ileile. Basi blanketi linatoka wapi?

Sitaki kuandika ninachofikiri.

Jumanne, 2 Aprili

Leo Baba amevunja sheria yake mwenyewe. Ameacha kubadilisha aina, amebadilisha namba. Kwanza 103. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Kisha 472, yaani arobaini na saba na sifuri mbili tu, ndogo kuliko zote. Hiyo haimwagi karibu chochote ardhini, sauti kali yote inapita.

Alipopiga uzi wa kwanza nilihisi kama mtu amekwangua sahani kwa uma ndani ya fuvu langu. Mtoto akaangua kilio. Na Baba, uso wake ulifunguka. Sijauona hivyo tangu mvua zianze.

"Sasa! Umesikia? Imetoka kwenye blanketi!"

"Nimesikia, Baba," nikasema. Sikudanganya. Ila sikusema nilichosikia.

Jumamosi, 6 Aprili

Leo hakukuwa na mvua. Kwa mara ya kwanza kwa mwezi mzima bati limenyamaza, jua limetoka, na mtoto ameamka anawaka homa.

Nilikuwa nachemsha maji. Baba alimchukua, akakaa naye kitini, akamwekea kipimajoto kwapani, kile kinacholia kikimaliza. Nikasikia kikilia. Pi-pi-pi. Nikasubiri aniambie. Kimya. Nikachungulia: ameinama juu ya mtoto, sikio liko shubiri moja na kile kipimajoto, na anambembeleza, "Subiri kidogo, mke wangu, bado hakijalia. Tulia. Bado."

Nikaja kukichukua. Thelathini na nane na nusu.

"Kimelia?"

Ningeweza kumlaumu mtoto kwa kelele, lakini alikuwa kimya. Ningeweza kuilaumu mvua, lakini haikuwepo.

"Nimeona tu namba zimesimama, Baba."

"Betri yake imechoka," akasema. "Nitaibadilisha."

Nilimpa mtoto dawa, nikamkanda kwa maji ya uvuguvugu, homa ikashuka adhuhuri. Yeye Baba alikaa karibu muda wote akimpepea kwa kipande cha kadibodi, mkono haukuchoka. Kisha akabadilisha betri. Akakibonyeza, kikalia, akakiweka tena sikioni. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Alikibonyeza mara nne.

Kapasita zote zile tulizozitukana. Za kijani, za njano, za udongo. Hazikuwa na kosa.

Jumapili, 7 Aprili

Homa imekwisha. Yangu imeanza. Namwambiaje baba mkwe kwamba hasikii? Nikikosea kumkalisha mgeni wake tu najisikia vibaya wiki nzima. Na huyu si fundi viatu. Huyu jina lake lote liko sikioni.

Jumatano, 10 Aprili

Baba ametia 472 kwenye pedali zote nne. Nusura niseme. Akaanza kuimba huku analehemu. Nimeshindwa.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefanya jambo. Baba alikwenda kunyoa. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikafungua visanduku vinne, nikatoa 472 nne, nikarudisha 223 za plastiki ya kijani, nikafunga. Mtoto alikuwa ananivuta nywele, jasho linanitoka kama mwizi. Nilipomaliza nilijaribu moja. Ilitoka sauti pana, ya joto, ile ya mwaka juzi anayoitaka Kucha. Nusura nilie.

Jina lake litabaki salama na moyo wake hautavunjika. Ndivyo nilivyojiambia. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Baba kajaribu pedali mbili, kakunja uso. "Zimelala tena." Nikasema ni unyevu. Uongo wa pili huja wenyewe, hauhitaji hata kuitwa.

Alhamisi, 18 Aprili

Amegundua.

Huwa anaandika tarehe kwa kalamu ndani ya kila kifuniko kabla ya kukifunga mara ya mwisho. Leo alifungua cha kwanza. Nilikuwa namlisha mtoto. Niliona mgongo wake umesimama. Akavaa miwani. Akafungua cha pili, cha tatu, cha nne. Akavipanga vyote vinne mbele yake, matumbo wazi.

"Lehemu hii si yangu."

Niliweka kijiko cha uji chini.

"Mama. Hii ni yako. Nene." Akaigusa kwa ncha ya bisibisi. "Na hii ni 223. Mimi niliweka ngapi?"

"472, Baba."

"Nikaondoka, ukatoa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na wiki mbili za majibu, yote yakanikimbia. Nikasema, "Zilikuwa kali, Baba."

"Ulishindwa kuniambia ni kali?"

Nikatazama lehemu zangu. Ndipo akaelewa, kwa sababu si mjinga. Nilimwona akielewa. Aliangalia amplifaya, akaangalia gitaa, akaangalia mtoto mwenye uji kidevuni.

"Umenikatia vipande," akasema, "kama unavyomkatia huyu ndizi. Nisikabwe."

Akazima taa ya meza, akatoka. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

Ijumaa, 19 Aprili

Amekaa barazani tangu asubuhi, anatazama mvua. Hajagusa chuma.

Jumamosi, 20 Aprili

Vivyo hivyo. Mtoto ametambaa hadi miguuni pake, akampandisha mapajani bila neno.

Jumapili, 21 Aprili

Leo nilikwenda kwa mama mkwe. Alikuwa anashona pindo. Nilisimama pale nikitegemea kutukanwa, nikamweleza yote, kipimajoto, 472, kunyoa. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Keti," akasema. Kwa sauti ya chini! Sikujua kama ana sauti ya chini. Ni nzuri, laini kama ya binti. "Unafikiri kwa nini napiga kelele humu ndani kama niko sokoni? Napenda?"

Nikaketi.

"Miaka miwili. Niliona ameanza kuniuliza mara mbili mbili, na kila akiuliza anaumia. Nikasema, nitapaza sauti, hataniuliza tena, hatajua. Majirani wanasema nimekuwa mkali. Wewe mwenyewe ulisema moyoni, usikatae."

"Nilisema, Mama."

"Basi. Mimi nimemfunika miaka miwili kwa makelele, wewe wiki moja kwa lehemu. Wote tunampenda, na wote tumemfanya mjinga nyumbani kwake." Akakata uzi kwa meno. "Nenda kamwambie. Mimi kila nikitaka kusema, najikuta nimesema chai iko tayari."

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Nimeishi na mwanamke huyu miaka miwili, na leo ndiyo nimeonana naye.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemwambia.

Nilingoja mvua ipungue. Nilibeba kigoda, nikakaa mbele yake, si ubavuni, ili anione mdomo. Mtoto nilimwacha kwa bibi yake.

"Baba, nimekukosea. Nilifungua kazi yako nyuma ya mgongo wako. Sitafanya tena, na nakuomba radhi."

Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu za mbali.

"Lakini sijamaliza. 472 zinachoma. Mtoto alilia siku ile kwa sababu yake. Na kipimajoto kililia, Baba, siku ile ya homa. Betri haikuwa na shida."

Mikono yake ilitulia magotini.

"Ukiniambia nirudishe 472, nitarudisha, pedali ni zako. Ila sitaziweka mkononi mwa Kucha. Utampa mwenyewe. Mimi sitashiriki kuliharibu jina lako, hata ukinifukuza karakana."

Sijawahi kusema na mtu mzima hivyo, sembuse baba mkwe. Mvua ilidondoka kwenye ndoo, nikahesabu matone kumi na saba.

"Nilifikiri ni watu," akasema hatimaye. "Nilifikiri siku hizi watu wanaongea kama wana maji mdomoni. Vijana hawafungui meno, nikasema. Redio zimekuwa mbovu. Kapasita zimekuwa mbovu. Kila kitu kimeharibika ila mimi." Akaguna. "Na mama yako huyu, nikasema uzee umemtia ukali."

"Anapaza ili usikie, Baba."

Aligeuka kuelekea mlango wa chumba cha kushonea. Kisha akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Sikusikia walichoongea. Hakuna aliyepaza sauti.

Jumatano, 24 Aprili

Tumekwenda hospitali, wote wanne na mwamvuli mmoja. Mpimaji wa masikio alimfungia Baba chumbani, akamwambia abonyeze kila akisikia mlio. Kupitia kioo tulimwona amekaa na kidole tayari, kama mtoto anayesubiri kuitwa jina. Kidole kilianza vizuri. Kisha kikakaa. Mpimaji alikuwa bado anageuza kitufe chake, na kidole kimekaa tu.

Akatuonyesha mchoro: mstari unakwenda sawa, halafu unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Akasema kifaa cha sikioni kitamsaidia maongezi, ila sauti za juu kabisa hazirudi.

Baba alishika karatasi, akaigeuza huku na huku. Nilifikiri atalia. Akasema, "Mama, hebu tazama mstari huu. Kumbe mimi ndiye niliyewekewa kapasita kubwa. Zile nyingine tulizisingizia bure."

Mpimaji hakuelewa tulichokuwa tunacheka.

Ijumaa, 26 Aprili

Karakana imefunguliwa. Utaratibu mpya: Baba anapiga, mkono mmoja kwenye mbao ya amplifaya, na ananiuliza. "Chini nimepata, imejaa. Kati nimepata. Juu?" Nami lazima nijibu, siruhusiwi kusema "nzuri". Akisikia "nzuri" ananirushia kitambaa. "Nzuri si jibu! Inachoma wapi? Mwanzo wa uzi au mkiani?" Sikuwahi kusikiliza hivi maishani mwangu. Mpaka kichwa kimeuma.

Ametoa lehemu zangu nne na kuniamuru nizirudie hadi ziwe kama zake.

Jumanne, 30 Aprili

Lehemu ya ishirini na tatu amesema, "Hii, labda."

Ijumaa, 3 Mei

Kucha amekuja na gitaa lake. Hakuna mvua, tulifungua madirisha. Baba alimkalisha kabla hajachomeka waya.

"Mwanangu, kabla hujapiga. Ile ya mwaka jana uliyosema imekukwaruza ilikuwa mbovu: kapasita ilikuwa ileile, ila sehemu nyingine niliifungua mno bila kusikia. Sauti za juu sizisikii tena. Hizi nimetengeneza mimi, na juu amesikiliza huyu. Ukitaka kwenda kwa fundi mwingine, hatutakununia."

Nilimtazama Kucha. Yeye aliangalia kucha zake.

"Nilijua, Fundi," akasema. "Tangu mwaka jana. Sikuwa na mdomo wa kukuambia."

"Hee! Mji mzima mnajua, mimi tu ndiye sina habari?"

"Nami nilikuja tena, sikuja?"

Akachomeka, akapiga. Alipiga muda mrefu, amefumba macho, akipanda kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Aliporudia mara ya pili akageuka, si kwa Baba, bali kwangu.

"Juu hapa, umeacha kaukali kidogo."

"Nimekaacha makusudi," nikasema. "Uwanjani upepo unakula sauti za juu. Zikiwa laini hapa ndani, kule zitapotea."

Kucha akamtazama Baba. Baba akainua mikono. "Usiniangalie mimi. Huko ni kwake."

Amezichukua zote nne.

Jumapili, 5 Mei

Mvua zimekwisha, ardhi imekauka, na barabara imefunguliwa. Baba mtoto amesema Jumamosi.

Adhuhuri Baba alikuwa na mtoto kwenye mkeka barazani, anamfunika uso kwa kitambaa na kukiondoa. Mtoto alikuwa anacheka mpaka anayumba. Nilikuwa naanika nguo. Baba akaniita.

"Mama, akicheka, kuna kitu huko juu nakikosa?"

Nilishika kanga iliyolowa. Nilitaka sana kusema hapana.

"Kipo, Baba. Mwishoni, anapovuta pumzi. Kuna kamlio."

"Kakoje?"

"Kembamba."

"Wembamba si jibu."

Nikaweka kanga chini, nikaja kuketi mkekani. Akamfunika mtoto, akamfunua. Mtoto akacheka. Nikasikiliza kwa nguvu zangu zote.

"Kanaanza kama mlango mdogo unaofunguliwa haraka," nikasema. "Halafu kanapanda, kanakatika, kama ameshangaa kwamba kamekwisha. Halafu kuna kimya kidogo, ndipo anaanza tena."

Baba alifumba macho.

"Tena," akasema, na sijui kama alikuwa anamwambia mtoto au mimi. Akamfunika. Akamfunua. Nikamwelezea tena, na tena, hadi nguo zilizobaki kwenye beseni zikaanza kukauka.